Fimbo haimfundishi mnyama kunusa: Shule ya panya ya Morogoro na mafunzo ya mbwa wa kazi

KATIKA kata ya Zombo, wilayani Kilosa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya jimbo la Mikumi, mbwa hafugwi kwa mapambo. Hulinda nyumba usiku, huwafukuza nyani na nguruwe pori wanaovamia mahindi, na humtangulia bwana wake anapoingia porini. Elimu anayopewa ni fupi. Akikosea hupigwa jiwe au fimbo. Akipatia, hakuna anayemwona.

Katika mkoa huohuo wa Morogoro, chini ya safu ya milima ya Uluguru, ipo shule ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa ikifuata kanuni iliyo kinyume kabisa. Mwanafunzi akikosea, hakuna kinachotokea. Akipatia, husikia mlio mdogo na papo hapo hupewa chakula, mara nyingi ndizi. Wanafunzi wa shule hiyo si mbwa bali ni panya buku, na wahitimu wake wametafuta mabomu ya kutegwa ardhini Msumbiji, Angola na Kambodia, na wamenusa kifua kikuu katika makohozi ya watu ambao zahanati zilikuwa zimewaambia kuwa hawana ugonjwa huo.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika leo kuwafundisha mbwa wengi wa kazi na wa michezo duniani, wakiwamo mbwa wanaokagua mizigo katika bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Wataalamu huiita mafunzo ya kuimarisha tabia kwa tuzo. Wapo wanaodhani kuwa ni suala la huruma tu, na wengine huicheka kama desturi ya Wazungu ya kuwabembeleza wanyama. Huruma imo, lakini sababu kubwa ni nyingine. Mnyama anayenusa ni shahidi, na ushahidi unaotolewa kwa hofu hauaminiki.

Kutoka kwa wadhibiti panya hadi kwa walimu wa panya

Shule hiyo inaendeshwa na APOPO, shirika lisilo la kiserikali lenye asili ya Ubelgiji. Mwanzilishi wake, Bart Weetjens, alikuwa amewahi kufuga panya akiwa kijana, na alipotafakari tatizo la mabomu ya ardhini barani Afrika aliona kuwa kinachokosekana ni pua iliyo nyepesi, nafuu na inayopatikana kwa urahisi. Utafiti ulianza Antwerp mwaka 1997, na mwaka 2000 ukahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Uchaguzi wa SUA haukuwa wa kubahatisha. Chuo hicho tayari kilikuwa na wataalamu wa panya walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp, ila kazi yao ya awali ilikuwa kutafuta namna ya kuwadhibiti panya wanaomaliza mazao ya wakulima. Pana kejeli ndogo hapo: mahali palipojulikana kwa kupambana na panya ndipo palipogeuka kuwa chuo chao.

Aina iliyochaguliwa ni panya buku wa Afrika, ambaye wanasayansi humwita Cricetomys ansorgei. Mkubwa wake huwa na uzito wa kilo moja au zaidi kidogo, na akipimwa pamoja na mkia hufikia sentimita 70 au zaidi. Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni kali mno, kwa sababu maishani mwake hufukia chakula na kukirudia baadaye kwa kufuata harufu. Huweza kuishi hadi miaka minane, muda unaotosha kurudisha gharama za mafunzo. Zaidi ya hayo, uzito wake hautoshi kulipua bomu.

Mtoto wa panya huanza masomo akiwa na umri wa wiki tano hivi, macho yake yakiwa yamefunguka karibuni. Somo la kwanza halihusu mabomu hata kidogo. Hubebwa mikononi, huzoeshwa sauti za watu na ngurumo za magari, hukanyagishwa nyasi, udongo na saruji, mpaka ulimwengu wa binadamu usimtishe tena. Wakufunzi hawaruki hatua hiyo, kwani mnyama mwenye hofu hana nafasi ya kujifunza jambo jingine lolote.

Baada ya hapo huja mlio. Mkufunzi hushika kidude kidogo cha kubofya kinachotoa sauti kavu ya "tik", na kila kinaposikika panya hupewa chakula. Baada ya siku chache, sauti hiyo yenyewe huwa habari njema. Ndipo huletewa harufu ya TNT, baruti inayopatikana katika mabomu mengi. Panya huwekwa mbele ya matundu yenye harufu tofauti. Akituliza pua yake juu ya tundu lenye TNT, mlio husikika na ndizi hufuata. Akituliza pua kwingine, kimya.

Kisha TNT huwekwa ndani ya vijidude vya chuma vinavyofanana na vichujio vya chai na kufukiwa mchangani, kwanza juujuu, halafu kwa kina zaidi. Mwisho panya hupelekwa katika uwanja wa mazoezi, ulioandaliwa kwa ushirikiano na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambamo yamefukiwa mabomu halisi yaliyokwisha kuondolewa uwezo wa kulipuka. Masomo yote huchukua kati ya miezi tisa na mwaka mmoja. Mtihani wa kuhitimu hauna alama za katikati: panya anayepita bomu moja bila kulionyesha amefeli.

Kazi ya mlio

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mkufunzi asimpe mnyama chakula moja kwa moja, bila kidude. Jibu lipo katika muda. Tendo jema la mnyama hupita kwa kufumba na kufumbua. Mbwa anapoketi, huketi kwa sekunde moja, kisha huinua kichwa, hugeuka, husimama tena. Mkono wa bwana wake unapofika mfukoni na kutoa kipande cha nyama, mbwa amekwisha kufanya mambo matatu mengine, naye huamini kuwa amelipwa kwa lile la mwisho. Mlio huweka alama juu ya tendo lenyewe, na chakula kinaweza kuchelewa kidogo bila kuharibu somo.

Elimu hii haikuzuka jana. Mrusi Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha jinsi mbwa anavyohusisha ishara na chakula. Mmarekani Edward Thorndike, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1898, aliwafungia paka ndani ya masanduku na kuona kuwa tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na lisiloleta hufifia. B. F. Skinner aliyaendeleza hayo katika miaka ya 1930. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, ndio walioyatoa maabarani: mwaka 1947 walianzisha kampuni ya kufundisha wanyama kwa njia hiyo, wakitumia vidude vya mlio.

Hata hivyo, walimu wa mbwa hawakuwasikiliza. Kwa miaka mingi waliendelea kufuata njia iliyoenezwa na Konrad Most, mkufunzi wa mbwa wa polisi nchini Ujerumani ambaye kitabu chake cha mwaka 1910 kiliweka msingi wa mafunzo ya mbwa wa polisi na jeshi. Njia hiyo ilitegemea kamba, mnyororo wa shingoni na mvuto wa ghafla. Most mwenyewe alijua thamani ya tuzo na ya kupatia wakati, lakini waliomfuata walikumbuka zaidi mnyororo.

Mabadiliko yalitoka baharini. Kuanzia mwaka 1963, Karen Pryor alifundisha pomboo katika bustani ya viumbe vya bahari huko Hawaii. Pomboo hafungwi mnyororo wala hapigwi fimbo. Akiudhika huogelea tu na kwenda zake, na mwalimu hubaki amesimama pembezoni mwa bwawa na ndoo yake ya samaki. Kwa hiyo Pryor alilazimika kutumia filimbi na samaki, na akafanikiwa. Kitabu chake cha mwaka 1984, Don't Shoot the Dog!, kiliwafikia wafugaji wa mbwa, na kufikia miaka ya 1990 kidude cha mlio kilikuwa kimeingia katika mafunzo ya mbwa wa michezo Marekani na Ulaya.

Michezo hiyo ni ya aina nyingi. Upo wa kuruka vizuizi kwa kasi, na upo mchezo mgumu wa IGP wenye asili ya Ujerumani, ambamo mbwa hupimwa kwa kufuata nyayo, kutii amri na kumkabili mshambuliaji. Katika IGP waamuzi hutazama pia sura ya mbwa anapofanya kazi, na yule anayetembea mkia ukiwa chini na masikio yamelala hupunguziwa alama. Utii wa kinyonge ukawa unawagharimu washindani, jambo lililowashawishi hata wale waliokuwa hawasikii habari za ustawi wa wanyama.

Kwa nini fimbo huharibu pua

Tofauti ya mbwa wa ulinzi na mbwa mnusaji inafaa kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo hoja ilipo. Mbwa akipigwa ili asiingie jikoni, anaweza kweli kuacha kuingia jikoni. Fimbo ina uwezo wa kuzuia. Kisichowezekana ni kumpiga mnyama ili atafute kitu ambacho wewe mwenyewe hukioni.

Mfikirie mbwa anayepigwa kila anapoashiria mahali pasipo na kitu. Baada ya muda hujifunza kuwa kuashiria ni hatari, na siku atakapokutana na harufu dhaifu, ambayo hana uhakika nayo, ataipita kimya. Mfikirie sasa mwenzake anayekaripiwa anapomaliza kutafuta bila kupata. Huyo hujifunza kuwa kutopata ni kosa, naye ataanza kubuni. Wa kwanza atakanyagisha mtu bomu. Wa pili atamfungulisha mizigo abiria asiye na hatia mbele ya umati. Mnyama anayefaa ni yule aliye huru kusema "hakuna" bila kuogopa kitu.

Utafiti wa karibuni umetoa ushahidi. Mwaka 2020, watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule za aina mbalimbali. Mbwa wa shule zilizotumia adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa masomo, na homoni ya kortiso katika mate yao iliongezeka baada ya somo. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walilinganisha mbwa 63 waliofundishwa kuitika wito, baadhi kwa ukosi wa umeme na wengine kwa tuzo. Ukosi wa umeme haukuonyesha faida yoyote juu ya tuzo. Wales ilikwisha kuupiga marufuku tangu mwaka 2010.

Wapo wakufunzi wa mbwa wa polisi wanaopinga, wakisema kuwa mbwa mwenye silika kali ya kushambulia hawezi kuachishwa alichokiuma kwa kipande cha soseji. Hoja yao haifai kupuuzwa inapohusu mbwa wa kukamata watu, kwani kwa mbwa huyo kuuma kwenyewe ndiko tuzo, na chakula hakishindani nako kwa urahisi. Kwa mbwa wa kunusa hoja hiyo haina uzito.

Tuzo isiyotolewa

Panya anapohitimu hukutana na tatizo ambalo halikuwapo shuleni. Katika uwanja halisi wa mabomu, mwongozaji hajui bomu lilipo. Panya akikwaruza ardhi, je, apewe ndizi? Akipewa na kumbe hakuna kitu, amefundishwa kusema uongo. Asipopewa kamwe, ataacha kazi.

Suluhisho ni kutenganisha kazi na malipo. Panya anapokuwa kazini halipwi kwa kila anachoonyesha. Lakini kabla ya kazi hupitishwa katika kipande cha ardhi ambamo mabomu yaliyofukiwa yanajulikana, na hapo hulipwa kikamilifu. Skinner alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa tendo linalolipwa mara moja moja, bila kutabirika, hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Mcheza bahati nasibu analijua hilo vizuri.

Katika maabara za kifua kikuu, ambako panya wa Morogoro wamekuwa wakitumika tangu mwaka 2007, mpango ni huohuo. Makohozi kutoka zahanati huchemshwa kwanza ili kuua vimelea, kisha hupangwa kwa mstari chini ya matundu. Kati yake huchanganywa sampuli ambazo maabara inajua kuwa zina ugonjwa. Panya akisimama sekunde kadhaa juu ya mojawapo ya hizo, hulipwa. Akisimama juu ya sampuli ambayo zahanati ilisema ni safi, halipwi chochote, ila sampuli hiyo huwekwa kando na kupimwa upya kwa njia zinazokubalika kitabibu. Panya hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Fundi mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Shirika limekuwa likiripoti kuwa zahanati zinazoshirikiana nalo hupata ongezeko la asilimia 40 au zaidi la wagonjwa wanaogunduliwa.

Pua ya panya haitoi hukumu ya ugonjwa. Inasema tu kuwa sampuli fulani itazamwe tena. Mgonjwa aliyekuwa ameambiwa aende nyumbani huitwa arudi kuanza dawa kabla hajaiambukiza familia yake.

Upande wa mabomu, panya hufungwa mkanda mdogo kifuani na kutembea kando ya kamba iliyovutwa kati ya waongozaji wawili. Hufanya kazi alfajiri kabla jua halijawa kali, na masikio yake hupakwa mafuta ya kumkinga na jua. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuifanya hadi siku nne, kwa sababu kifaa hicho hulia kwa kila msumari na kila kifuniko cha soda. Panya hajali chuma, anatafuta baruti.

Msumbiji, ambako panya walianza kutumika uwanjani mwaka 2006, ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini yanayojulikana mwezi Septemba 2015. Panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alipewa nishani ya dhahabu ya taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 baada ya kuonyesha mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na akafa Januari 2022. Rekodi yake ilivunjwa na panya mwingine wa shirika hilo, Ronin, aliyetambuliwa na Guinness mwaka 2025 kwa mabomu 109 ya ardhini.

Mbwa wa Usa River

Kwa mbwa, jina linalotajwa zaidi nchini ni Usa River, karibu na Arusha. Huko ndiko Shirika la Wanyamapori Afrika (AWF) lilikoanzisha mafunzo ya mbwa wanusaji na waongozaji wao chini ya mpango uliobuniwa mwaka 2014. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika msiba wa tembo: sensa zilionyesha kuwa idadi yao ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Pembe zilikuwa zikitoka kwa makontena na masanduku kupitia bandari na viwanja vya ndege, na hakuna ofisa wa forodha awezaye kufungua kila kontena.

Mbwa hao hawafanyi kazi kwa ajili ya chakula. Hufanya kwa ajili ya mpira. Huchaguliwa wale wenye wazimu wa mchezo, mbwa ambaye mpira ukitupwa katika majani marefu ataendelea kuutafuta hata baada ya wengine kukata tamaa. Kwanza hutafuta mpira peke yake, kisha mpira uliowekwa pamoja na pembe za ndovu, kisha pembe pekee. Anapoipata harufu hufundishwa kuketi au kuganda mahali pale akikazia macho, bila kukwaruza wala kubweka, na mpira huruka kutoka mkononi mwa mwongozaji kana kwamba umetoka kwenye sanduku lenyewe. Kwa mbwa, ulimwengu wote wa magendo ni mchezo wa kujificha.

Kazi ngumu zaidi ni kumfundisha mtu. Askari wa wanyamapori waliopelekwa huko kutoka nchi mbalimbali, baadhi yao wakimwogopa mbwa, walipaswa kujifunza kucheza naye, kumsifu kwa sauti ya juu, hata kugaagaa naye chini. Kwa mwanamume mzima aliyevaa sare hilo si jambo dogo. Katika mwambao, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafii yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi, umbali kati ya mtu na mbwa ni mkubwa zaidi. Ijapokuwa Kurani yenyewe, katika aya ya nne ya sura ya Al-Maida, inataja wanyama waliofunzwa kuwinda na kuhalalisha wanachokamata.

Mtu huyo asipofundishwa vizuri, pua nzuri haisaidii. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapa kazi waongozaji 18 wa mbwa wa dawa za kulevya na vilipuzi. Waliwaambia kuwa mahali fulani kumewekwa alama nyekundu kuonyesha harufu ilipo. Hakukuwa na harufu yoyote katika vyumba vyote. Hata hivyo ziliripotiwa ishara 225 za kupatikana kitu, na mahali penye alama nyekundu pakaongoza. Mbwa walikuwa wakisoma miili ya mabwana zao, au mabwana wenyewe waliona walichokitarajia. Ndiyo maana mitihani ya kweli hufanywa bila mwongozaji kujua kilipofichwa kitu, na mara nyingine bila kitu chochote kufichwa.

Panya wa Morogoro nao sasa wameingia katika uwanja huo wa mbwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walifundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mti wa mpingo, hata harufu hizo zilipofichwa kati ya kahawa, sabuni na nyaya za umeme. Huvishwa kifulana chekundu chenye kijipira kifuani. Wakinusa walichofundishwa hukivuta kwa mikono na kengele hulia. Majaribio yamefanyika katika bandari ya Dar es Salaam. Panya hupenya kati ya makontena yaliyobanana, mahali asipofika mbwa, wala hamlilii mwongozaji mmoja. Yeyote mwenye ndizi anamtosha.

Mbwa wa nyumbani

Msomaji wa mjini mwenye mbwa wa ulinzi hahitaji panya wala bandari ili kutumia elimu hii. Asiyekuwa na kidude cha mlio anaweza kutumia neno moja fupi, mradi liwe lilelile kila siku na lisitumike kwa jambo jingine. Kwa siku mbili tatu alitamke na papo hapo atoe chakula kidogo, dagaa mmoja au kipande cha nyama kama ukucha. Mbwa akianza kugeuka kila anapolisikia, somo linaweza kuanza. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku, kabla ya mlo na si baada yake.

Kosa linalorudiwa zaidi mijini ni la wito. Mbwa ametoroka getini. Bwana anaita "Simba! Simba!" kwa dakika kumi, na Simba anapokuja hatimaye hupigwa kwa kuchelewa. Mtu anadhani ameadhibu kutoroka. Mbwa amejifunza kuwa kumrudia bwana ndiko kunakoumiza, na kesho atachelewa zaidi. Anayekuja, hata kwa kuchelewa, apewe tuzo. Kutoroka kunatibiwa kwa kufunga geti.

Kosa la pili ni kumlisha mbwa ovyo na kuita hayo mafunzo. Tuzo isiyo na sharti haifundishi kitu, na mbwa anayerukia watu ili apate chapati, akapewa ili atulie, ameelimishwa barabara kurukia watu. Njia ya tuzo ina ukali wake: anayekosea hunyimwa. Akiruka, mtu humgeuzia mgongo. Akiweka miguu yote minne chini, mlio na dagaa.

Ukatili wenyewe ni kosa pia mbele ya dola. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, mbwa akiwamo. Lakini kabla ya mlio, dagaa na sheria, mbwa anayeshikwa na watu kila siku anapaswa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara huua. Chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na watoto wa nyumbani wasiruhusiwe kumfundisha mbwa ambaye kadi yake ya chanjo haijulikani ilipo.

Na si kila mbwa atafaa kwa kila kazi. Asiyejali mpira hatakuwa mnusaji wa bandarini hata akifundishwa miaka mitatu, na anayemfurahia kila mgeni hatakuwa mlinzi. Vituo vya mafunzo huwakataa mbwa wengi katika uchaguzi wa kwanza. Wale wa Morogoro nao hawalazimishwi: panya ambaye asubuhi hatoki kizimbani kwa hamu, au ambaye kazi yake imeanza kulegea kwa uzee, hustaafishwa, na huendelea kupewa ndizi na karanga bila kutakiwa kunusa chochote.